Kuchovya, Kusuuza, Kuzimua: Maji katika Ufundi wa Batiki Morogoro

Katika ufundi wa batiki, kuchovya si kusuuza. Kitambaa huchovywa katika rangi iliyopimwa, kisha husuuzwa mpaka maji yatoke meupe. Aghalabu huko kwenye kusuuza ndiko maji mengi yanakopotelea.

Kwa Morogoro suala hili ni zito. Mto Morogoro huteremka kutoka Uluguru, hupita mjini na kuingia Ngerengere. Ngerengere nao huingia Ruvu, mto unaotegemewa na Dar es Salaam. Kostiki soda inayomwagwa mtaroni, basi, ina safari ndefu.

Njia mojawapo ya kubana matumizi ni kupanga mabeseni matatu. Kitambaa huenda mbele, maji hurudi nyuma: ya beseni la tatu huhamishiwa la pili, ya la pili huhamishiwa la kwanza, ndipo kitambaa kingine kiingie. Maji safi hutiwa katika la tatu tu.

Hata hivyo, maji ya beseni la kwanza hubaki machache na makali. Wako wanaodhani kuyazimua kunatosha. Kuzimua, kama kitenzi chenyewe kinavyoeleza, ni kuongeza maji. Kostiki iliyomo haipungui hata chembe. Huhitaji asidi, mathalani siki, ya kuutuliza ukali huo, na hata hapo rangi ingali imo.