Mvuto, Msuguano na Mshiko: Istilahi za Trekta Penye Utelezi

Miongoni mwa dhana zinazowatatiza wafasiri wa vitabu vya mitambo ni ile ya uwezo wa gurudumu kuishika ardhi bila ya kuteleza. Aghalabu huitwa "mvuto", na wengine huiita "msuguano". Makala haya yapendekeza "mshiko".

Tuchukue mfano wa Kwaluguru na sehemu nyingine za Handeni na Korogwe wakati wa masika. Trekta lenye tela la mahindi laweza kukwama matopeni ilhali injini yake ni nzima. Mvuto upo, lakini kashata za tairi zimejaa tope, na tairi limekuwa mithili ya kipara. Dereva akisoma kitabuni "ongeza mvuto", ataongeza mafuta. Tairi litazunguka bure na kuchimba shimo hadi ekseli ilale chini. Kilichopungua ni mshiko.

Msuguano nao ni kani izuiayo nyuso mbili zinazogusana zisiteleze. Juu ya lami kavu, mshiko hutokana zaidi na msuguano huo. Shambani mambo ni mengine: kashata huuma udongo, na udongo wenyewe ukikatika, hata tairi jipya huteleza. Kwa hiyo mshiko ni dhana pana kuliko msuguano.

Katika nchi za baridi, wanaoondoa theluji kwa trekta kwenye njia za nyumbani hufunga minyororo kuzunguka matairi, ili chuma kiume barafu ambayo mpira hauwezi kuishika. Minyororo hiyo hufaa pia penye tope jembamba lililolala juu ya ardhi ngumu. Penye tope la kina haisaidii sana. Njia nyingine ni kutia maji ndani ya matairi ya nyuma ili kuongeza uzito. Njia zote mbili huongeza mshiko, wala haziongezi nguvu ya injini.

Hapana budi pia kutenga "mnyororo wa tairi" na "mnyororo wa kuvutia", ule wa kukokotea mzigo. Wako wanaofunga gogo kwa mnyororo kwenye magurudumu ya nyuma ili trekta lijinasue. Jambo hili ni la hatari kubwa: magurudumu yakizuiwa kuzunguka huku injini ikisukuma, trekta huinua pua na kupinduka kinyumenyume juu ya dereva, kwa muda mfupi mno hata asiwahi kukanyaga klachi. Maelekezo yanayosema "funga mnyororo" bila ya kubainisha ni upi yaweza kuua.

Kwa hiyo yapendekezwa:

Mvuto: nguvu ya trekta ya kukokota mzigo.
Msuguano: kani izuiayo nyuso zinazogusana zisiteleze.
Mshiko: uwezo wa gurudumu kuishika ardhi bila ya kuteleza.
Mnyororo wa tairi: mnyororo uvishwao tairi ili kuongeza mshiko.
Mnyororo wa kuvutia: mnyororo wa kukokotea mzigo.

Madereva na mafundi wenye maneno bora zaidi waombwa kuyaleta yajadiliwe.