Wimbo wa Musoma Ukiuza Bidhaa, Nani Analipwa?

Buhare, nje kidogo ya katikati ya mji wa Musoma mkoani Mara, inajulikana zaidi kwa Chuo cha Maendeleo ya Jamii kuliko kwa muziki. Hata hivyo, huku kama ilivyo Bunda na Butiama, vijana wanaorekodi hawakosekani. Kompyuta, maiki na chumba kilichozibwa magodoro ukutani vinatosha kuanzisha studio, na huo ni mtaji ambao marafiki wachache wanaweza kuuchanga. Kinachowashinda ni soko. Wimbo unapelekwa YouTube, unapelekwa Victoria FM pale Musoma au Mazingira FM kule Bunda, kisha msanii anasubiri kualikwa kwenye harusi au tamasha. Ipo fedha nyingine ambayo wengi hawaidai ipasavyo hata inapopita mlangoni mwao, nayo ni fedha ya matangazo ya biashara.

Wanaotangaza wapo. Mjini Musoma kuna maduka ya jumla, nyumba za wageni, shule binafsi, vyama vya akiba na mikopo, na mawakala wa mitandao ya simu. Bunda iko kwenye barabara kuu ya Mwanza na ina lango la Ndabaka la kuingilia Serengeti, kwa hiyo biashara za utalii nazo zinahitaji kujitangaza. Msimu wa kampeni ukifika, wagombea nao hutafuta nyimbo. Matangazo hayo hupita redioni, kwenye magari ya spika na kwenye status za WhatsApp, na karibu yote yana muziki nyuma yake. Ama muziki huo umetungwa kwa ajili ya tangazo, ama ni wimbo wa mtu uliochukuliwa ukapachikwa.

Hapo kwenye kupachika ndipo ulipo uchumi wote wa makala haya.

Mtu anayetaka kutumia wimbo uliokwishatoka katika tangazo anagusa haki mbili. Ya kwanza ni ya utunzi, yaani mashairi na melodi. Hiyo ni ya mtunzi, na kama walitunga wawili, ni ya wote wawili. Ya pili ni ya rekodi yenyewe, ile sauti iliyonaswa studio, ambayo mara nyingi ni ya aliyegharamia kurekodi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Namba 7 ya mwaka 1999 inazilinda zote. Kazi inalindwa tangu inapotungwa, bila kusubiri kusajiliwa, na haki ya mtunzi inadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Kusajili kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kunampa msanii ushahidi pale ugomvi unapozuka.

Huku mikoani haki hizi mbili huchanganyika vibaya. Msanii hana fedha ya studio, prodyuza anamrekodia kwa kukopeshana, biti ni ya prodyuza, na hakuna aliyeandika chochote. Wimbo ukikaa kimya, hakuna neno. Siku mfanyabiashara anapoutaka kwa tangazo, msanii anasema ni wake na prodyuza anasema ni wake, na wote wawili wana sehemu ya ukweli. Mfanyabiashara mwenye haraka hasubiri wapatane. Anatafuta wimbo mwingine, au anautumia huohuo bila kuuliza.

Kutumia bila kuuliza kuna bei yake, na Tanzania imekwishaiona. Mwaka 2012 wasanii Hamis Mwinjuma, yaani Mwana FA, na Ambwene Yessayah, yaani AY, waliishtaki kampuni ya simu ya Tigo kwa kuzitumia nyimbo zao "Dakika Moja" na "Usije Mjini" kama miito ya simu bila ridhaa yao. Aprili 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala iliamuru walipwe zaidi ya shilingi bilioni 2.1. Kampuni ilikata rufaa na shauri likapanda mahakama za juu. Mwito wa simu si tangazo kamili, ila hoja ni ileile: kampuni ilifanya biashara kwa wimbo wa mtu. Kabla ya hukumu ile, wasanii wengi waliamini kwamba wimbo ukisikika kila mahali basi umeshalipa kwa kukupa jina. Hukumu iliwaonyesha kwamba jina ni kitu kimoja na malipo ni kitu kingine. Mwana FA mwenyewe alikuja kuwa Mbunge wa Muheza mwaka 2020, na mwaka 2023 akateuliwa Naibu Waziri katika wizara inayosimamia sanaa.

Kenya ilitoa somo lililo karibu zaidi na matangazo. Mei 2022, wakati muungano wa kisiasa wa Azimio la Umoja ulipomtangaza mgombea mwenza wa Raila Odinga, wimbo "Extravaganza" wa kundi la Sauti Sol ulitumika kwenye video ya tukio hilo. Kundi lilitoa taarifa kali kwamba halikuombwa ruhusa wala halikuridhia. Azimio lilijibu kwamba kuupiga wimbo huo kulikuwa ishara ya mapenzi kwa wasanii wa nyumbani. Suala ni kwamba leseni ya kupiga muziki hadharani, ile anayolipia mwenye baa, hoteli au basi, haimpi mtu haki ya kuunganisha wimbo na picha ili kunadi bidhaa au mgombea. Kuunganisha ni leseni nyingine, na anayeitoa ni mwenye wimbo mwenyewe, kwa bei anayoitaka, na ana haki ya kukataa.

Jambo hili wafanyabiashara wengi wa mikoani hawalijui, na nadhani wengi hawana nia mbaya. Mtu amelipia leseni ya kupiga muziki ukumbini mwake na anaamini amemaliza. Kwa muziki unaopigwa ukumbini amemaliza kweli. Akichukua wimbo huohuo na kuuweka chini ya video ya kutangaza vyumba vyake, ameingia eneo lingine kabisa.

Tofauti ya fedha kati ya mirabaha, yaani malipo ya wimbo kupigwa hadharani, na leseni ya tangazo ni kubwa. Januari 2022 COSOTA iligawa mirabaha ya zaidi ya shilingi milioni 312 kwa wasanii 1,123. Kwa wastani ni chini ya shilingi 280,000 kwa kila mmoja, na wastani huo unawaficha wengi waliopata kidogo zaidi. Mirabaha ni haki na lazima idaiwe, lakini inakusanywa kwa wengi na kugawanywa kwa wengi, na inafuata wimbo uliopigwa mara nyingi redioni. Wimbo wa Kijita au wa Kizanaki usiosikika Dar es Salaam hautapata kitu kikubwa huko. Leseni ya tangazo haigawanywi na elfu moja. Inaweza kumwendea msanii asiye na jina kitaifa, kwa sababu mtangazaji anayeuza Musoma anatafuta sauti ambayo watu wa Musoma wanaijua.

Bei yake basi inapangwaje? Hakuna orodha ya bei, na pengine ni vizuri isiwepo. Wanaoifahamu kazi hii huuliza mambo manne: tangazo litatumika kwa muda gani, litasikika eneo gani, litapita kwenye vyombo gani, na je, msanii anazuiwa kumpa mshindani wa mtangazaji wimbo huo? Tangazo la redio moja kwa miezi mitatu si sawa na la televisheni ya taifa kwa mwaka mzima. Ombi la kutumia wimbo "popote na milele" ni ununuzi wa wimbo uliovikwa jina la leseni, na bei yake iwe ya ununuzi. Solomon Linda wa Afrika Kusini, aliyerekodi "Mbube" mwaka 1939, aliuza haki zake kwa shilingi 10. Alifariki maskini mwaka 1962, na familia yake ilifikia makubaliano ya malipo mwaka 2006, baada ya wimbo kuzunguka dunia nzima.

Mkoa wa Mara una upande mwingine ambao mijini hausemwi. Kuna litungu, ala ya nyuzi ya Wakurya, kuna ngoma na nyimbo za Wajita, Wakwaya, Wazanaki na Waikizu ambazo hazina mtunzi mmoja anayejulikana. Mtangazaji anayetaka ladha ya asili kwa tangazo la utalii anaweza kudhani hizo ni za bure. Sheria ileile ya 1999 inalinda sanaa za jadi, na matumizi yake ya kibiashara nje ya mazingira yake ya kimila yanahitaji kibali cha Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA. Tena mpiga litungu aliyerekodiwa ana haki zake kama mtendaji, hata kama wimbo ni wa mababu. Mzee anayeitwa apige mbele ya kamera kisha akapewa nauli na soda amedhulumiwa, hata kama aliondoka anatabasamu.

Na kuna kwaya. Wamennonite walifika Shirati mwaka 1934, na tangu hapo makanisa ya mkoa huu yamezaa waimbaji na watunzi wengi kuliko baa zote za Musoma zikiwekwa pamoja. Wimbo wa kwaya mara nyingi hutungwa na mtu mmoja, huimbwa na thelathini, na hurekodiwa kwa sadaka za waumini. Akija mtangazaji, nani anasaini? Mwenyekiti wa kwaya hawezi kuuza utunzi wa mwalimu wa kwaya bila idhini yake, wala mwalimu hawezi kuuza rekodi iliyolipiwa na usharika. Makubaliano haya yaandikwe siku ya kurekodi, wakati bado wote wanapendana. Sheria inampa mtunzi pia haki ya kutambuliwa kwa jina lake na kupinga kazi yake isiharibiwe kwa namna inayomvunjia heshima. Mtunzi wa wimbo wa ibada ana msingi wa kukataa wimbo wake kunadi bia, hata kama anayeutaka ana fedha nyingi.

Kazi ya kubadili hali hii inaweza kuanzia hapa. Maafisa utamaduni wa Manispaa ya Musoma na wa halmashauri za Bunda na Butiama wanakutana na wasanii mara kwa mara. Wawape mkataba wa ukurasa mmoja kwa Kiswahili, wenye nafasi ya kujaza muda, eneo, vyombo na malipo. Chuo cha Buhare kinaandaa maafisa wa maendeleo ya jamii watakaokwenda kila kona ya nchi. Somo fupi la hakimiliki lingewafanya wawe msaada kwa wasanii wa vijiji watakavyovihudumia. Redio nazo, kabla ya kurusha tangazo lenye wimbo wa mtu, zimuulize aliyelileta: ruhusa iko wapi?

Kwa msanii na prodyuza wanaosoma haya, ombi langu ni moja. Kabla wimbo haujatoka, andikeni nani anamiliki utunzi, nani anamiliki rekodi na kwa asilimia ngapi, msaini wote, na kila mmoja abaki na nakala. Akija mtu kuutaka kwa tangazo, msipokee hata shilingi moja kabla hamjaona kwenye karatasi ni miezi mingapi, ni mikoa ipi na ni vyombo gani.