Data ya Majaribio Haihitaji Kulindwa Diskini

Msanidi programu akibadilisha mstari mmoja tu wa msimbo, huendesha mamia au maelfu ya majaribio ili ajue kama hajaharibu kwingine. Jaribio linalogusa hifadhidata huandika rekodi chache, hukagua jibu, kisha hufuta yote. Majaribio hayo yakichukua nusu saa, hatayaendesha kila mara; atalimbikiza mabadiliko, na kosa likijitokeza itamwia vigumu kujua limeletwa na lipi. Kwa hiyo kasi ya majaribio ni sehemu ya ubora wa programu yenyewe, na njia mojawapo nyepesi ya kuipata ni kuweka data yake kwenye RAM badala ya diski.

Kinachochelewesha ni kungoja. Muamala unapokamilishwa, hifadhidata kama PostgreSQL huuagiza mfumo endeshi uhakikishe data imefika diskini, na haisongi mbele mpaka ipate jibu. Diski ya sahani inayozunguka mara 7,200 kwa dakika huchukua milisekunde 8 hivi kwa mzunguko mmoja, na watunzaji wa hifadhidata ya SQLite wanaeleza kuwa kwenye diski ya aina hiyo hukamilika miamala kama 60 tu kwa sekunde. Kwa hesabu hiyo, majaribio 1,000 yenye miamala mitano kila moja yatangoja zaidi ya sekunde 80. SSD imepunguza sana muda huo, lakini haijaufikia wa RAM, ambayo hujibu kwa takriban nanosekunde 100. Kungoja huko kuna maana pale umeme unapoweza kukatika na salio la mteja kupotea. Salio la mteja wa kubuni, litakalofutwa punde, halina wa kulidai.

Wapo wanaosema Linux tayari huhifadhi faili kwenye RAM. Ni kweli kwa kusoma. Agizo la kuhakikisha maandishi yamefika diskini halikwepeki hivyo. Pingamizi zito zaidi ni kwamba majaribio yataachana na mazingira halisi, na hutokea kweli pale PostgreSQL inapobadilishwa kwa SQLite ya kwenye RAM. Andika neno "thelathini" kwenye safu ya umri iliyotangazwa kuwa ya namba: SQLite, kwa mipangilio yake ya kawaida, hulipokea, PostgreSQL hulikataa. Jaribio litafaulu, kisha kosa limfikie mteja. Dawa ni kuhamisha mahali pa kuhifadhia na kuiacha hifadhidata ileile: PostgreSQL ibaki, ila folda ya data yake iwekwe kwenye tmpfs, ambayo Linux huionyesha kama folda ya kawaida ilhali inakaa kwenye RAM.

Dawa hii haitibu kila uchelewaji. Majaribio yanayokwamishwa na prosesa au mtandao hayatafaidika, hivyo kupima kutangulie. Na jaribio linalochunguza kama data inanusurika umeme ukikatika lazima libaki diskini, kwa sababu hilo peke yake ndilo linaloihitaji ahadi ya diski.