Kabla Fukusi Hajafika Bwaise

Katika duka la nafaka Bwaise, jijini Kampala, kando ya Barabara ya Bombo, chota mahindi makavu mkononi uyatazame. Punje yenye kitundu mara nyingi imeshapitiwa na fukusi. Mnunuzi hulaumu ghala, na katika mtaa huu ambamo mvua moja huingiza maji hadi sakafuni, hakosei sana. Lakini vita na wadudu vilianzia shambani.

Jani changa la mhindi lina kemikali iitwayo DIMBOA, iliyofungwa na sukari ili isiudhuru mmea wenyewe. Kiwavi akiling'ata, seli hupasuka, kimeng'enya huitenga ile sukari, na sumu humfungukia mdomoni. Mtama mchanga nao hutoa sianidi. Wafugaji waliopoteza ng'ombe wanaijua. Gunzi lina kinga yake pia: maganda marefu yaliyobana ncha humchelewesha fukusi, ambaye mara nyingi huingia kabla ya mavuno, na punje ngumu humchosha.

Ajabu zaidi ilichapishwa mwaka 2011 na watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu cha Kenya, na wenzao. Nondo wa bungua akitaga juu ya jani, hata kabla mayai hayajaanguliwa, mahindi fulani ya asili ya Amerika ya Kilatini hutoa harufu inayowaita nyigu wadogo mno, ambao hutaga ndani ya mayai hayo na kuyaua. Chotara za kibiashara zilizopimwa zilikaa kimya. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo gharama ya kufukuzia magunia tu.

Kinga hizi zina mipaka. Kiwavijeshi vamizi, aliyethibitishwa Afrika mwaka 2016, huirudishia DIMBOA sukari tumboni na kuendelea kula, bila haya.

Kwa mla posho, yaani ugali wa mahindi, wa Bwaise, linalohusika hapa ni ini. Punje iliyotobolewa humwachia mlango kuvu anayezalisha sumukuvu, chanzo cha saratani ya ini, na kupika hakuimalizi. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu hiyo.

Watafiti wa mbegu katika kituo cha utafiti cha Namulonge, Uganda, wana nafasi ya kupima ugumu wa punje sambamba na mavuno. Naye mkulima wa Longe 5, mbegu ambayo si chotara na anaweza kuihifadhi mwenyewe, asitazame ukubwa wa gunzi peke yake: lile ambalo ncha yake imechungulia nje ya maganda lisagwe mapema, lisiwe mbegu.