Mahindi ya msaada, maharage ya nani?

Mvua zikikata tambarare za Same, serikali hupeleka mahindi kutoka kwenye akiba ya taifa. Tumbo linajaa, ila je, mwili? Protini ya mahindi ina laisini kidogo. Maharage yanayo nyingi. Ndiyo maana makande ya Wapare, mahindi na maharage sufuria moja, ni mlo wenye akili.

TASAF, kupitia mpango wa kunusuru kaya maskini ulioanza 2012, hutoa hela. Hapo mama anaweza kununua maharage. Lakini hela hupangwa kuja kila baada ya miezi miwili, na kilo ya maharage ni ghali kuliko ya mahindi. Zikiisha mapema, unadhani kipi kitapungua kwanza? Basi tukipima msaada, tusihesabu magunia tu. Tuchungulie na sufuria.