Kasa wa Watamu na Tochi Yangu

Wengi wetu tuliozaliwa Uganda tumezoea ziwa, lakini bahari hatuijui. Likizo ya Agosti nalikwenda Watamu, katika pwani ya Kenya, kumtembelea mjomba wangu. Mchana nalitazama matumbawe na samaki wa kila rangi katika hifadhi ya bahari iliyowekwa mwaka 1968. Lakini ninalotaka kuwaeleza wasomaji nalijifunza usiku.

Siku ya tatu, baada ya chakula cha jioni, mjomba alinichukua ufukweni pamoja na mzee mmoja mvuvi. Mara mchanga ukaanza kutikisika. Kumbe watoto wa kasa wanatoka! Kwa furaha nikawasha tochi nipate kuwaona vizuri. Wale waliokuwa wakielekea majini wakageuka, wakaja miguuni pangu.

"Zima, mwanangu," mzee akasema. "Unawapoteza."

Nikazima, nikaona haya. Tulikaa kimya gizani mpaka wakashika njia tena, ndipo mzee akanieleza.

Kasa jike hupanda pwani usiku, akachimba shimo, akataga mayai 100 au zaidi, akayafukia na kurudi baharini. Hayaatamii, joto la mchanga ndilo linaloyaangua kwa muda wa miezi miwili hivi. Watoto hutoka usiku, wala hawana mama wa kuwaongoza. Wao hufuata upande wenye mwanga. Tangu zamani upande huo ni bahari, kwa kuwa maji hurudisha nuru ya mwezi na nyota, na nchi kavu ina giza la miti. Lakini siku hizi taa za nyumba na hoteli hushinda nuru ya bahari. Watoto wakizifuata, hukaukia juani kukicha, au huliwa na kaa na ndege.

Anayesalimika huchukua miaka 20 na zaidi kabla ya kuweza kutaga, na jike hurudi pwani za kwao alikozaliwa. Basi hasara ya usiku mmoja huenda isionekane mpaka sisi wenyewe tumekuwa watu wazima wenye watoto.

Ndugu zangu, mkijaliwa kufika pwani, nendeni mkawatazame kasa pamoja na wenyeji wanaowalinda. Msiwashike, wala msiwazuie njia. Na tochi ziacheni mfukoni. Macho huzoea giza upesi, nami nalimwona wa mwisho akiingia majini bila taa yoyote.