Si kila tumbo ni kolopati

Wamama wengi wa vikundi vyetu wametoka kituo cha afya na kikaratasi kilichoandikwa "kolopati". Maana yake ni kwamba tumbo linauma, linajaa gesi, mara linafunga, mara linaharisha, lakini wakipima hawaoni kidonda wala uvimbe. Ugonjwa huo upo kweli. Si mawazo, wala si uvivu kama waume wengine wanavyosema. Tunachokataa ni jina hilo kutolewa siku ya kwanza. Madaktari wenyewe wanataka maumivu yawe yanakuja walau siku 1 kwa juma kwa miezi 3, na yawe yalianza miezi 6 nyuma, yakifuatana na mambo ya choo.

Mambo mengine yanavaa nguo ileile. Giardia, kijidudu cha maji machafu, inaleta gesi na choo chenye mafuta na harufu kali kwa majuma mengi, na inatibika. Kwa wamama wanaofua na kuchota maji Ziwa Albert, kule Ituri, kuna kichocho cha utumbo: tumbo linauma, choo kinakuja na damu, na kikiachwa miaka, ini linaharibika. Dawa yake ni prazikwanteli, ambayo kiasi chake kinafuata uzito wa mtu. Choo kilichopimwa mara moja kinaweza kukosa mayai yake, basi tuombe kurudia siku nyingine.

Na amiba? Hapa kwetu kila tumbo ni amiba. Lakini kuna amiba mbili zinazofanana kabisa chini ya mikroskopi, na moja haiumizi mtu. Mama anayemeza dawa ileile mara ya nne bila kupona ana haki ya kuuliza kama shida haiko kwingine.

Mara nyingine iko kwenye kikombe. Watu wazima wengi wa Afrika ya kati hawawezi kusaga vizuri sukari ya maziwa. Chai ya maziwa asubuhi, saa mbili baadaye tumbo linanguruma. Tujaribu kuacha maziwa majuma mawili tuone. Mashanza na jibini la Masisi huwa havisumbui sana, kwa sababu sukari hiyo imepungua ndani yake.

Kuna yale ya sisi wanawake, ambayo tunaona haya kuyasema. Maumivu yanayozidi kila siku za mwezi, hata wakati wa kwenda chooni, yanaweza kuwa endometriosi. Na mama aliyepita miaka 50 ambaye tumbo linaanza kujaa karibu kila siku, anashiba kwa matonge mawili, anakojoa mara kwa mara, asikubali kuambiwa kolopati kabla ya kupimwa ovari kwa ekografia. Kansa ya ovari inaanza hivyo, kimyakimya.

Damu kwenye choo, kukonda bila sababu, homa, upungufu wa damu, kuharisha kunakoamsha mtu usiku: kolopati haifanyi hayo. Hapo ni kwenda hospitali juma hilohilo, hata kama pesa ya likelemba bado haijafika zamu yako. Kikundi kinaweza kubadilisha zamu.

Kabla ya kwenda, andika kwa majuma mawili: ulikula nini, choo kilikuwaje, siku za mwezi zilianza lini. Asiyejua kuandika amwambie mtoto wake wa shule amwandikie. Peleka daftari hilo kwa daktari.